Master and Commander: zaidi ya miaka 20 nasubiri muendelezo, na naona hadithi inayofuata iko kwenye bahari yetu

Mwana_Mkuku:

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, atarudi jioni.

Mwaka 2005 nilikuwa Tanga, nyumbani kwa mjomba. Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, akipeleka mbao na saruji Pemba, na wakati ule alikuwa ameshaacha bahari kwa sababu ya macho. Nilikwenda kukodi CD ya muvi yoyote yenye vyombo vya bahari ili nimtoe upweke. Yule muuzaji akanipa Master and Commander. Kwenye kava kuna mtu kashika upanga, nikajua ni maharamia. Tukaiweka kwenye deki.

Baada ya dakika tano mjomba akasogeza mkeka karibu na televisheni.

Ambao hamjaiona: mwaka ni 1805, manowari ya Kiingereza inaitwa Surprise, ina mizinga 28 na roho 197. Imepewa amri ya kuikamata merikebu ya Kifaransa, Acheron, yenye mizinga 44, kubwa kuliko wao na yenye mbio kuliko wao. Nahodha ni Jack Aubrey (Russell Crowe), daktari wa chombo ni Stephen Maturin (Paul Bettany), marafiki wawili wanaopiga muziki pamoja usiku, mmoja fidla na mwingine chelo, na mchana wanabishana. Wanamfukuza Mfaransa kutoka pwani ya Brazili, wanazunguka ncha ya kusini ya Amerika, mpaka visiwa vya Galápagos. Hakuna mapenzi, hakuna hazina iliyofukiwa, hakuna mzimu. Ni watu na chombo chao na bahari.

Sasa kuna ile dharuba ya Cape Horn. Mlingoti wa galmi, ule wa nyuma, unavunjika, unaanguka baharini na tanga lake, na kijana mmoja, Warley, anaanguka nao. Yuko hai. Anaogelea kuufuata ule mlingoti, anaushika, wenzake wanamwita. Lakini mlingoti bado umefungwa kwa kamba kwenye chombo, umekuwa kama nanga, unaivuta merikebu nyuma na kuilaza ubavu. Wasipokata, wanazama wote. Nahodha anashika shoka. Anayekuja kumsaidia kukata ni Nagle, rafiki kipenzi wa yule yule kijana aliyeko majini. Wanakata huku wanamtazama.

Mjomba alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akakiweka chini, taratibu, akasema neno moja tu: "Ndivyo." Hakusema tena mpaka ile sehemu ikapita. Mimi nilikuwa nimeshaishi naye miaka mitatu, na siku ile ndiyo niliyojua kwamba kulikuwa na safari moja ya mkondo wa Pemba aliyoondoka na mabaharia saba akarudi na sita. Sikuambiwa na yeye. Mama ndiye aliyeniambia usiku, nilipomuuliza kwa nini mjomba hakula.

Tangu hapo hii siyo muvi ya kawaida kwangu. Nimeangalia nyingi za bahari, na karibu zote bahari ni pazia la nyuma, watu wanapigana mbele yake. Peter Weir, aliyeiongoza hii, alifanya kazi yenyewe ndiyo iwe hadithi. Unaona saa ya mchanga inageuzwa na kengele inapigwa. Unaona mafundi wananing'inia ubavuni wanaziba matundu ya risasi huku maji yanawafika kiunoni. Unaona mtoto Blakeney anakatwa mkono, halafu kwenye vita ya mwisho yule yule mtoto ndiye anayeachiwa merikebu nzima na nahodha. Kiswahili chenyewe kilichukua neno "manowari" kutoka kwa mabaharia wa vyombo kama hivi, walivyokuwa wakiviita kwa lugha yao, "man-of-war", na hii ndiyo mara ya kwanza nilipoona ndani ya hilo neno kukoje.

Na mwisho wake! Tahadhari, nafichua. Wamemshinda Mfaransa, Acheron imepelekwa bandari ya Valparaíso chini ya ofisa wake Pullings, daktari hatimaye ameahidiwa kurudi kwa ndege wake wa Galápagos wasioruka. Kisha katika mazungumzo ya kawaida tu Aubrey anagundua kwamba yule "daktari wa Kifaransa" waliyemwacha kule Acheron hakuwa daktari. Daktari wa kweli alikufa zamani. Yule ni nahodha wao mwenyewe aliyejificha! Merikebu inageuzwa, ngoma za vita zinapigwa, marafiki wawili wanachukua vyombo vyao wanapiga Boccherini, na Surprise inaondoka kumfuata. Basi. Giza.

Muvi imefungwa kwa kufungua mlango. Mlango huo uko wazi tangu Novemba 2003.

Kwa nini haikuja ya pili? Hesabu. Iligharimu dola milioni 150 hivi, ikaingiza milioni 212 duniani kote. Mtu anaweza kusema hiyo ni faida, lakini majumba ya sinema yanachukua karibu nusu, na matangazo yana bei yake. Kwenye Oscar ilitajwa mara 10, ikapata 2, ya upigaji picha na ya uhariri wa sauti. Mwaka ule sehemu ya mwisho ya The Lord of the Rings ilitajwa mara 11 ikabeba zote 11. Mwingine yeyote alikuwa anaokota makombo.

Mwaka 2010 Crowe mwenyewe aliwaomba mashabiki mtandaoni waishinikize studio. Haikuzaa kitu. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba kuna filamu mpya inaandikwa, na mwandishi Patrick Ness, lakini hiyo inarudi mwanzo, kabla ya hii. Mimi sitaki mwanzo. Nataka wanaoendelea mbele, na nina hoja mahususi ya wapi waende. Kwanza nisikie nyie.

Shetri_:

Mkuu umenikumbusha mbali. Ile ya daktari kujitoa risasi mwenyewe tumboni, kioo mbele yake, nahodha ameshikilia pembeni uso umempauka. Niliziba macho na bado nikawa nachungulia. Niliiona kwenye kibanda umiza Mbagala, watu nusu walitoka wakidai hakuna mapigano. Tuliobaki hatukutikisika.

Kibanda_No9:

Nawaheshimu, ila niseme ukweli wangu. Ile muvi ni nzito na ni ya polepole. Mwaka ule ule wa 2003 ilitoka Pirates of the Caribbean ikaingiza zaidi ya dola milioni 650. Watu wanataka kuchangamka. Steringi wa kule unamkumbuka mpaka leo, mtoto mdogo anamjua. Aubrey nani anamjua? Studio haiwezi kuweka pesa kwa sababu ya mapenzi ya watu wachache.

Mwana_Mkuku:

Kibanda, hoja yako ya pesa ni ya kweli na siipingi. Lakini angalia jambo moja. Mwaka 2019 Disney iliinunua studio ya Fox iliyoitoa Master and Commander. Kwa hiyo leo maharamia na Surprise wako nyumba moja. Nyumba hiyo imeshatengeneza za maharamia tano. Ikitaka muvi moja ya bahari kwa ajili ya watu wazima, inayo tayari kabatini.

Na kuhusu upolepole: bahari ni ya polepole. Kuna siku wametulia kimya, hakuna upepo, tanga limelegea, maji yanakwisha, na watu wanaanza kutafuta nani ana nuksi. Wanamshikilia yule kijana ofisa, Hollom, wanamwita Yona, mpaka anakumbatia risasi ya mzinga na kujitupa. Bila ule utulivu, kifo chake kisingeeleweka. Utulivu ndio uliomuua.

Msomaji_wa_Makorora:

Naongeza kwa upande wa vitabu, maana wengi hawajui kwamba vipo. Mwandishi ni Patrick O'Brian. Alimaliza riwaya 20, ya kwanza 1969 na ya mwisho 1999, akafariki Januari 2000 akiwa ameanza ya 21. Muvi imechukua jina la riwaya ya kwanza ikaliunganisha na la ile ya kumi, The Far Side of the World ya mwaka 1984. Kwenye riwaya ya kumi mwaka ni 1812 na adui ni Mmarekani, merikebu ya Norfolk inayowinda meli za nyangumi za Waingereza. Kwenye muvi wakabadilisha, akawa Mfaransa wa 1805. Sababu unaikisia, watazamaji wengi wako Marekani.

Na Surprise ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya Kifaransa, ikiitwa Unité, ikatekwa 1796. Ila iliuzwa 1802, hivyo mwaka 1805 wa muvi ilikuwa haipo tena jeshini. O'Brian aliipenda akaiacha iishi.

Mimi sipingi huo mwanzo. Riwaya ya kwanza ina ile vita ambayo imechukuliwa kwa nahodha wa kweli, Thomas Cochrane. Mwaka 1801, akiwa na kijichombo Speedy, mizinga 14 na watu 54, aliiteka merikebu ya Kihispania El Gamo yenye mizinga 32 na watu zaidi ya 300. Hiyo ukiiweka kwenye skrini nani atalala?

Mwana_Mkuku:

Msomaji, ile vita naitamani kama wewe. Shida yangu ni nyingine. Mwanzo ni jinsi walivyofahamiana. Mimi nimeshawafahamu. Urafiki wao kwenye muvi ni wa watu waliozoeana mpaka wanajua mahali pa kuumizana, kama pale daktari anapoahidiwa kushuka Galápagos halafu nahodha anavunja ahadi kwa ajili ya kumfukuza Mfaransa. Unaona uso wa Bettany. Ukirudi mwanzo unautupa huo uzito wote uanze kuujenga upya na waigizaji wapya.

Mzee_wa_Gati:

Vijana, nimesoma yote. Swali langu ni moja na naliuliza bila ugomvi. Hawa ni wanamaji wa ufalme uliokuja kututawala. Manowari zao ndizo zilizoipiga Zanzibar mizinga mwaka 1896. Mwafrika kwenye muvi hiyo yuko wapi? Mnalilia muendelezo wa nini?

Mwana_Mkuku:

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu.

Riwaya ya nne ya O'Brian, ya mwaka 1977, inaitwa The Mauritius Command. Aubrey anapelekwa Bahari ya Hindi. Vita ile ilikuwepo kweli, kati ya 1809 na 1810. Wafaransa walikuwa na Réunion na Mauritius, wakati ule ikiitwa Isle de France, na kutoka huko merikebu zao zilikuwa zinavizia meli za biashara zinazotoka na kwenda India. Waingereza wakaamua kuvichukua visiwa.

Mwezi Agosti 1810 ikapigwa vita ya Grand Port, bandari ya hiyo Isle de France. Waingereza walikuwa na merikebu nne za vita: Sirius, Magicienne, Nereide na Iphigenia. Walijiona wana nguvu, wakaingia bandarini kwa pupa. Pale mlangoni ni miamba ya matumbawe, kama mnavyojua pwani yetu, anayepita ni mwenye rubani. Sirius ikakwama. Magicienne ikakwama. Nereide ikabaki peke yake mbele ya mizinga ya Wafaransa, ikapigwa mpaka sitaha ikawa haina wa kusimama. Zile mbili zilizokwama zilichomwa moto na mabaharia wake wenyewe zisichukuliwe, Iphigenia ikajisalimisha. Wote wanne, wamekwisha! Wafaransa waliichonga Grand Port kwenye lile Tao la Ushindi la Paris.

Na hapa kuna kitu ambacho mwandishi wa filamu hahitaji hata kukibuni. Nahodha wa Nereide, Willoughby, alipoteza jicho. Kamanda wa Wafaransa, Duperré, naye alijeruhiwa usoni. Wote wawili walilazwa kutibiwa kwenye nyumba moja nchi kavu. Nyumba hiyo iko mpaka leo, mji wa Mahébourg, Mauritius, ni makumbusho ya taifa. Hebu mweke Maturin ndani ya nyumba ile, kati ya vitanda viwili. Muvi ya kwanza iliisha kwa nahodha kujifanya daktari. Ya pili ina manahodha wawili maadui chini ya daktari mmoja.

Sasa kuhusu Mwafrika, mzee. Ile Isle de France ilikuwa inalimwa na nani? Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mashamba ya visiwa vile yalijaa watu waliovushwa kutoka pwani hii, wengi wao wakitokea bara, Wamakua, Wayao. Kila mzinga uliolia Grand Port ulisikiwa na watu waliojua maneno ya kwetu. Waingereza walipokichukua kisiwa Desemba 1810, watu wale hawakupata uhuru. Walisubiri mpaka Februari 1835. Maturin wa riwayani anachukia utumwa kwa dhati, na nahodha wake ni mtumishi wa ufalme. Ugomvi wao wa Galápagos ulikuwa juu ya ndege na kasa. Hapa ugomvi wao utakuwa juu ya watu. Ndiyo maana nataka muendelezo huu na siyo mwingine. Wakija bahari hii kwa uaminifu, hawawezi kutupita.

Binti_wa_Mutsamudu:

Mwana_Mkuku, umesahau sisi! Vita ile ilipita Komoro. Tarehe 3 Julai 1810, Duperré huyo huyo alizivamia meli tatu za Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki karibu na visiwa vyetu. Mbili, Windham na Ceylon, akaziteka, moja ikaponyoka gizani. Akazileta Anjouan kuzitengeneza, ndipo akaenda nazo Grand Port. Mutsamudu, bandari ya Anjouan, meli za Wazungu zilikuwa zinasimama tangu zamani kuchukua maji, machungwa na ng'ombe, wazee wetu wakiwauzia na kuongea nao Kiingereza. Muvi ikipigwa, nataka ile forodha, na wauzaji wanaokwenda na mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli. Wasituwekee watu wa kusimama nyuma tu bila kusema.

Mwana_Mkuku:

Asante sana, hilo limeongeza nyama. Na kuna jingine: riwaya ya tano Aubrey anapewa merikebu iitwayo Leopard. Leopard ya kweli ilitia nanga Zanzibar mwaka 1799, ikiwa na Admirali Blankett, njiani kwenda Bahari ya Shamu. Chombo chenyewe kimewahi kuonja maji ya Unguja.

Ughaibuni_SD:

Wakuu, mimi niko San Diego. Merikebu iliyotumika kwenye muvi iko hapa, kwenye makumbusho ya bahari, na unaruhusiwa kupanda. Ilijengwa Nova Scotia mwaka 1970 kwa mfano wa manowari ya kale, ikiitwa Rose, studio ikainunua na kuigeuza Surprise. Baadhi ya picha za baharini walipigia kwenye lile birika kubwa la Baja California, Mexico, lililojengwa kwa ajili ya Titanic, ila hii ilisafiri kweli.

Nilimpeleka binti yangu. Chini ya sitaha inabidi uiname, na mimi si mrefu. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya watu 197 na machela zao, nikashindwa kuwapanga. Nilichopenda ni kamba. Juu yako kuna kamba kama msitu na kila moja ina kazi yake. Binti akaniuliza nani anazikumbuka zote.

Jambo moja litamfurahisha Kibanda: merikebu hii hii baadaye ilitumika kwenye ile ya nne ya maharamia, ikaitwa Providence.

Kibanda_No9:

Hiyo nilikuwa siijui. Basi mimi nakaa hapa. Hiyo ya Grand Port nitailipia tiketi. Merikebu nne kwisha kwa sababu ya miamba, hiyo si polepole.

Mzee_wa_Gati:

Marahaba kijana. Umenijibu. Sharti langu moja: anayeigiza mtu wa Kilwa aseme Kiswahili cha kueleweka, wasitubabaishie.

Shetri_:

Lakini Crowe si ameshazeeka? Kazaliwa 1964.

Mwana_Mkuku:

Kazaliwa 1964, kweli, na Weir filamu yake ya mwisho ni ya 2010. Sidanganyiki kwamba watarudi walewale. Kama ni lazima waigizaji wapya, sawa, mkataba wangu ni huu: wasianze na mkutano wao wa kwanza, ule wa riwayani kule kisiwa cha Minorca. Waanze na watu wawili waliozoeana, wanaingia Bahari ya Hindi na pepo za kusi zikiwa nyuma yao. Wapige Mauritius na Komoro penyewe, kwenye matumbawe penyewe. Master and Commander ilikuwa filamu ya kwanza ya kuigiza kuruhusiwa kupigia Galápagos, na unaona tofauti pale Maturin anapokanyaga lile jiwe jeusi na mijusi ya baharini imetapakaa. Kwetu pia kuna rangi ya maji ambayo birika halina.

Jana nilikuwa Tanga. Mjomba sasa ana miaka themanini na kitu, jicho moja ndilo linaloona kidogo. Nilikuja na laptopu, nikamwekea. Sehemu ya dharuba nilitaka kuirusha, akanishika mkono, akasema iache. Tukaiangalia mpaka mwisho. Ilipofika pale merikebu inageuzwa, yeye hakuona picha vizuri lakini alisikia ngoma, akasikia foromali zinavutwa, akajua. "Wanageuza," akasema. "Wanamrudia."

Nikamwambia ndiyo.

Muziki ukaisha, majina yakaanza kupanda. Akakaa anasubiri. Kisha akanigeukia: "Enhe, wakampata?"

Nikamwambia bado, mjomba.